Juma la Wageni Kihambani

Katika mitelemko ya kusini ya mlima Kilimanjaro, chini ya msitu mkubwa na juu ya nchi tambarare yenye joto, wakaa Wachaga katika mashamba yao yaitwayo vihamba. Mtu apitaye mara ya kwanza katika njia nyembamba za huko hudhani kwamba yumo mwituni, maana haioni nyumba mpaka amefika mlangoni. Juu kabisa husimama miti mirefu, kama mringaringa na mingineyo, itoayo kivuli, kuni na mbao. Chini yake imepandwa migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi, maharagwe na mboga. Ng'ombe haendi malishoni. Hukaa zizini, akaletewa majani na vigogo vya migomba iliyokwisha kuzaa, na samadi yake hurudishwa penye mashina. Kwa njia hiyo kipande cha ardhi cha ekari moja au mbili hulisha nyumba nzima, wala hakichoki, ijapokuwa kimelimwa tangu zamani za mababu.

Kihamba hurithiwa. Kwa desturi mwana wa kwanza hupewa sehemu yake ajenge, na mwana wa mwisho hubaki katika nyumba ya wazazi. Makaburi ya wazee yamo humo humo, na mipaka haikuwekewa mawe wala waya, bali imepandwa isale, mmea wenye majani marefu ya kijani. Habari ya isale itatajwa tena mbele.

Maji ya kihamba hutoka katika mfongo. Mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mkono, ukaanzia juu mtoni karibu na msitu, ukapitishwa ubavuni mwa mlima kwa ufundi mkubwa mpaka kufika mashambani. Wasafiri wa Ulaya waliofika katika karne ya 19 waliistaajabia mifereji hiyo, na ilistahili kustaajabiwa, maana waliochimba hawakuwa na kipimo chochote isipokuwa macho yao na mwendo wa maji yenyewe. Kila mfongo una wazee wake. Hao hugawa zamu za maji, nyumba hii alfajiri, nyumba ile adhuhuri. Na siku ya kuusafisha kila nyumba hutoa mtu mmoja mwenye jembe. Asiyekuja hutozwa faini, naye afunguaye maji katika zamu ya mwenziwe huhesabiwa kuwa mwizi.

Kahawa si mmea wa kale wa nchi ile. Wamisionari waliileta Kilema mwaka 1898, na wenyeji walipoona faida yake wakaipanda chini ya migomba yao. Mwaka 1925 wakulima wakafanya chama chao, na mwaka 1933 ukaanzishwa ule muungano mkubwa wa vyama vya ushirika ujulikanao kwa jina la KNCU. Shule nyingi, barabara na nyumba za bati za Uchagani zilijengwa kwa fedha ya kahawa. Baadaye bei ilianguka mara nyingi, na wengine wakaing'oa mibuni wakapanda nyanya na kabichi. Wengine hawakuing'oa. Nyumba inayosimuliwa hapa, katika nchi ya Machame, ilikuwa miongoni mwa hao wa pili.

Nyumba hiyo ilikuwa na watu sita: baba na mama, bibi mzaa baba, mwenye miaka themanini na zaidi, binti mmoja aliyekuwa shule ya bweni, kijana wa miaka kumi na mitatu, na mdogo wake wa kike, mwenye miaka tisa. Mwana mkubwa hakukaa pale tena, maana alikuwa fundi seremala mjini Moshi. Kijana huyo alikuwa amechumbia msichana wa Marangu. Basi Jumapili moja, mwanzoni mwa mwezi wa Oktoba, alipiga simu akasema kwamba ndugu za mchumba wake, watu kumi na wawili, watakuja Jumamosi ya juma la pili, wapaone mahali atakapokaa binti yao.

Mama aliposikia alikaa kitako juu ya kigoda. Akauliza, "Jumamosi ya juma lijalo, au ya lile la pili?"

Baba akajibu, "Ya pili. Tuna siku kumi na tatu."

"Kahawa nayo haitangoja," akasema mama.

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Mwezi wa Oktoba katika nyumba ya kahawa hauna siku tupu. Matunda ya mibuni hayaivi yote pamoja. Katika tawi moja huwamo mekundu, ya manjano na ya kijani, na mchumaji mwema huchuma mekundu tu, akarudi tena baada ya juma moja au mawili kuchuma yaliyoiva nyuma. Akichelewa, hukauka juu ya mti au huanguka. Tena mvua za vuli hukaribia wakati ule ule, na mvua ni adui wa kahawa iliyoanikwa.

Bibi hakusema habari za kahawa. Aliinuka kwa mkongojo wake akaenda migombani, akatazama mikungu mmoja mmoja, akamwonyesha mjukuu wake ile ya kukatwa. Yeye alijua kwamba kazi ya kwanza ni mbege.

Mbege ni kinywaji cha watu wazima wa Uchagani, kipikwacho kwa ndizi mbivu na ulezi. Katika mashauri ya ndoa, mapatano na mazishi ya zamani haikukosekana. Wapo wasioionja, nao hawalazimishwi. Lakini hata nyumba yao huipika wakija wageni wa namna ile. Tabu yake ni kwamba haiwezi kuharakishwa wala kucheleweshwa. Kwanza ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa, zikafunikwa kwa majani makavu darini yapata juma zima mpaka ziive. Kisha huchemshwa kwa saa nyingi katika chungu kikubwa, hata zigeuke rangi kuwa nyekundu, zikaachwa ndani ya pipa siku kadha wa kadha zichachuke. Wakati huo ulezi hulowekwa uote, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji. Gome la mti uitwao msesewe hutiwa kidogo, liupe uchungu. Siku moja kabla ya karamu maji ya ndizi huchujwa yakachanganywa na uji uliopoa, na kesho yake mbege huwa tayari. Mgeni akija siku moja kabla, ataikuta mbichi. Akija siku mbili baada, ataikuta siki. Kwa hiyo Uchagani mtu asemaye "nitakuja siku yoyote" hapendezi.

Basi ndizi zikakatwa Jumatatu asubuhi. Ulezi ukalowekwa Alhamisi. Katika juma lile la kwanza mama aliteremka mara mbili katika nchi tambarare kukata majani ya ng'ombe, akapanda nayo kichwani mwendo wa saa mbili, maana hakutaka kazi hiyo iwepo katika juma la wageni. Kijana alipotoka shule alipasua kuni. Mdogo wake alipewa kazi ya kufagia uani na kuokota mawe njiani, naye aliifanya kwa bidii siku mbili, siku ya tatu akaisahau.

Juma la pili lilipoanza, ndizi zilichemshwa Jumatatu kutwa, na harufu yake ikajaa kihamba chote. Jumanne baba alikwenda kununua mbuzi. Jumatano alitengeneza paa la zizi. Alhamisi asubuhi alitoka akaitazama mibuni, akaona kwamba upande wa juu wote umekuwa mwekundu, na mawingu meusi yalikuwa yamesimama juu ya msitu.

Akamwambia mke wake, "Tukingoja mpaka wageni waondoke, nusu itakuwa chini."

Mama akasema, "Tukichuma leo, ni nani atakayeosha?"

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kahawa ichumwayo leo haina budi kumenywa leo. Matunda yakilala yamerundikana hupata moto yenyewe, huchacha, na punje hushika harufu mbaya isiyotoka tena. Mnunuzi huitambua mara moja akionja. Ikisha kumenywa, punje huwa na ute utelezao, nazo huwekwa katika chombo siku moja au mbili ili ute ule ulegee. Ndipo huoshwa kwa maji mengi, zikaanikwa juu ya vichanja vya wavu. Kahawa ya Alhamisi, kwa baridi ya Machame, ingekuwa tayari kuoshwa Jumamosi alfajiri. Zamu ya maji ya nyumba ile ilikuwa Jumamosi alfajiri. Na wageni walitazamiwa Jumamosi saa nne.

Baba alifikiri, akasema itawezekana. Watu wote wakaingia mibunini, hata bibi, aliyeketi chini ya matawi ya chini akachuma yale aliyoyafikia. Kijana alipotoka shule akajiunga nao. Jua lilipokuwa likitua walikuwa wamepata madebe sita. Kilo 5 za matunda mabichi hutoa karibu kilo 1 tu ya kahawa kavu yenye ganda lake, kwa hiyo madebe sita si mali kubwa. Lakini katika mahesabu ya nyumba ile madebe hayo yalikuwa ni mahitaji ya binti wa bweni ya muhula ujao, na hapakuwa na fedha nyingine iliyotengwa.

Mashine ya kumenyea ilikuwa ya mkono. Ilikuwa na ngoma iliyovikwa bati la shaba lenye vipele vidogo vidogo. Mtu huzungusha ngoma, matunda hupita katikati ya vipele hivyo na kipande cha chuma, maganda mekundu yakaanguka upande huu na punje zikaanguka upande ule. Baba aliijaza, kijana akazungusha. Debe la kwanza halijamalizika, ikasikika sauti kama ya nguo ipasukayo, na ngoma ikakwama. Walipoifungua waliona bati limepasuka toka ukingo hata ukingo. Bati jipya lilipatikana Moshi, na Moshi maduka yalikuwa yamekwisha fungwa.

Hapo wote wakanyamaza, maana kila mmoja alijua mashine nyingine ilipo. Ilikuwa kwa jirani wa upande wa chini, hatua mia mbili, ng'ambo ya mstari wa isale. Lakini nyumba hizo mbili zilikuwa hazisemezani tangu mwezi wa Septemba.

Sababu yake ni hii. Katika siku za kiangazi, mfongo ulipokuwa na maji machache, usiku mmoja zamu ya nyumba hii ilipofika maji hayakuja. Baba alikwenda gizani na taa yake, akayakuta yakitiririka katika kihamba cha jirani. Asubuhi akamshitaki mbele ya wazee wa mfongo wote, akamwita mwizi wa maji. Jirani alikana. Wazee hawakumtoza faini, kwa kuwa hapakuwa na shahidi, ila maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa mbele ya watu. Siku tano baadaye baba alipokuwa akirekebisha ukingo wa mfongo, aliona tundu la fuko lililotoboa kingo toka ndani hata nje, na maji yalikuwa yamepita humo. Alilizibua, akalijaza udongo na mawe, akarudi nyumbani. Hakumwambia mtu ila mama yake. Kila siku alikusudia kwenda, na kila siku ilionekana ni vigumu zaidi kuliko jana yake.

Kijana akasema, "Baba, tuyaanike matunda yenyewe na maganda yake."

Baba akajibu, "Yatakauka, lakini bei yake ni ya chini. Haitatosha."

Bibi alikuwa ameketi mlangoni. Akamwambia mwanawe, "Wageni wako ni watu wa Marangu. Watakula nyama yako, watanywa mbege yako, na wakati wa kwenda watauliza, 'Mbona jirani wa chini hakuja?' Utawajibuje?"

Baba hakujibu. Alisimama kitambo, kisha akaenda gizani mpaka penye mstari wa isale, akachuma jani moja.

Desturi ya isale ni ya kale, nayo haijapotea. Mtu aliyemkosa mwenziwe hulitwaa jani hilo, akalifunga fundo, akalipeleka kwa mkono wa mtu mzima aheshimiwaye na pande zote mbili. Apelekewaye jani hukubali kulipokea, maana kulikataa ni jambo zito lisilofanyika kwa wepesi. Lakini kulipokea si kusema kwamba hapana deni. Aliyekosewa aweza kutaja kinachomridhisha.

Baba alimwendea mmoja wa wazee wa mfongo, akamwambia habari yote ya tundu la fuko. Mzee alimsikiliza, akamwuliza tu, "Ni siku ngapi tangu ulipolijua?"

Akajibu, "Ni siku ishirini na tatu."

Mzee akalitwaa jani akatangulia. Baba akafuata, na kijana akaja nyuma na taa. Walipofika kwa jirani walimkuta akila pamoja na watu wa nyumba yake. Kijana aliamkia, "Shikamoo, babu," akaitikiwa, "Marahaba." Mzee akaweka jani juu ya meza, mbele ya sahani. Watu wote wakaacha kula.

Baba akasema, "Jirani, nilikuita mwizi nawe hukuiba. Fuko alitoboa ukingo. Nililiona tundu kwa macho yangu, nikanyamaza. Hilo la pili ni baya kuliko la kwanza."

Jirani alilitazama jani muda mrefu. Mwisho akalitwaa, akampa mke wake alihifadhi. Akasema, "Nimelipokea. Lakini uliniita mwizi mbele ya wazee wa mfongo, na watoto wangu walisikia njiani wakiitwa watoto wa mwizi. Hayo uliyoyasema hapa mezani pangu, yaseme mbele ya watu wale wale."

Baba akauliza, "Lini?"

"Wazee wote watakuwa kwako Jumamosi. Nasikia umewaalika."

Baba akaona jambo lilivyo. Kulisema mbele ya wazee peke yao kulikuwa kugumu. Kulisema mbele ya wakwe watarajiwa, watu waliokuja makusudi kuipima nyumba yake, kulikuwa ni kitu kingine. Angeweza kuomba siku nyingine, na pengine angepewa. Hakuomba. Akasema, "Njoo Jumamosi saa tano, wewe na nyumba yako. Nitasema." Ndipo akaongeza, kwa aibu kubwa, habari ya madebe sita na bati lililopasuka.

Jirani alicheka kwa mara ya kwanza. "Ungeanza na hilo la mashine, nisingeliamini lile la fuko," akasema. Akawaita wanawe wawili, wakatwaa taa. Usiku ule kahawa yote ilimenywa kwa mashine ya jirani, na ilipokwisha, ilikuwa yapata saa tano. Wanawe wawili wakasaidia kubeba punje mpaka nyumbani, na mama akawapa viazi vitamu vya moto.

Ijumaa ilipita kama upepo. Ulezi ulipikwa, mbege ikachanganywa, mbuzi akachinjwa jioni. Ndizi za mchare zilimenywa beseni tatu. Nyingine zilikuwa za machalari, yaani ndizi zipikwazo na nyama, nyingine za mtori, ambao ni mchuzi mzito wa ndizi zilizopondwa. Kwa hao wasiokula nyama palikuwa na kiburu, ndizi zilizochanganywa na maharagwe. Mwana mkubwa alifika toka Moshi na bati jipya la mashine mfukoni, akashangaa kuambiwa kwamba kahawa imekwisha kumenywa, na mahali ilipomenywa.

Jumamosi alfajiri, nyota zikiwa bado mbinguni, maji ya mfongo yalifika. Kijana na mwana mmoja wa jirani waliosha kahawa kwa miguu na kwa mikono, wakabadilisha maji mara nne, mpaka punje zilipoacha kuteleza zikaanza kukwaruza kama changarawe. Hiyo ndiyo alama ya kwamba ute umetoka. Zilizoelea waliziondoa, kwa kuwa punje ieleayo haikujaa ndani. Jua lilipochomoza kahawa ilikuwa juu ya vichanja viwili, nyeupe yenye umanjano, ikitoa mvuke. Kijana alioga haraka, akavaa shati safi. Lakini miguu yake ilibaki na harufu ya kahawa kutwa.

Wageni walifika saa nne na robo. Walikuwa wazee wanne, akina mama sita, na vijana wawili. Mkuu wao alikuwa baba mkubwa wa msichana, mzee mfupi asiyesema sana. Walisalimiwa kwa utaratibu, wakubwa kwanza, wakaketishwa chini ya mringaringa. Akina mama hawakuketi muda mrefu. Kwa kisingizio cha kunyosha miguu baada ya safari, walikizunguka kihamba chote. Waliangalia zizi, wakagusa majani ya migomba, wakachungulia jiko, wakatazama kama njia ya maji ni safi. Mama wa nyumba aliwaona, akajifanya kutowaona. Yeye mwenyewe angefanya vivyo hivyo.

Saa tano wakaja wazee wa mfongo na majirani, na yule jirani wa chini pamoja na mke wake na watoto wake wanne. Mbege ilitolewa katika kata, mwenye nyumba akaionja kwanza kama ilivyo desturi, ili wote waone kwamba ni salama. Watoto walipewa mtindi. Kisha, kabla chakula hakijaletwa, baba akasimama.

Hakutumia maneno mengi. Aliwataja wazee wa mfongo mmoja mmoja, akawakumbusha siku ya mashitaka, akaeleza habari ya tundu la fuko, na idadi ya siku alizonyamaza. Akasema, "Huyu si mwizi. Mimi ndiye niliyesema uongo, kwanza kwa kutojua, kisha kwa kujua." Akaketi. Mwana mkubwa aliinamisha kichwa, akitazama viatu vyake. Mama, aliyekuwa mlangoni na sinia la nyama, hakusogea.

Jirani akasimama, akasema, "Yamekwisha," akaketi.

Palikuwa na kimya. Mgeni mkuu aliizungusha kata mkononi, akamgeukia mzee wa mfongo akamwuliza, "Ninyi huku husafisha mfongo mwezi gani?" Mzee akajibu kwamba husafisha kabla ya kiangazi, na tena baada ya mvua. Mgeni akasema kwamba kwao Marangu nako fuko ni wengi, na mwaka mmoja walitoboa kingo katika mahali pawili, na ndugu wawili wa tumbo moja walikaa miaka minne bila kusemezana kwa ajili yake. Hakueleza jinsi walivyopatana, wala hakuna aliyethubutu kumwuliza kama yeye alikuwa mmoja wao. Kisha akasema, "Chakula kinapoa," na watu wakacheka, na mama akaingia na sinia.

Walikula mpaka saa nane. Katika mazungumzo bibi aligundua kwamba mmoja wa akina mama wa Marangu alikuwa mjukuu wa mwanamke aliyemjua ujanani, sokoni, na tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyepata nafasi ya kusema na mama yule. Vijana walikwenda kutazama mashine, na mwana mkubwa akawaonyesha jinsi ya kufunga bati jipya, naye alionekana kufurahi kuwa na kazi ya mikono.

Yapata saa nane na nusu upepo ulibadilika. Wingu lilishuka toka msituni upesi sana, kama literemkavyo huko mwezi wa Oktoba. Mtoto wa kike wa miaka tisa ndiye aliyeliona kwanza. Akapiga kelele, "Kahawa! Kahawa!" akakimbia. Kahawa iliyooshwa ikinyeshewa kabla ya kukauka huota ukungu, na kazi yote hupotea. Watoto wa jirani wakakimbia nyuma yake, kisha kijana, kisha baba na jirani wake wakishika turubai moja pembe kwa pembe. Turubai ilitosha kichanja kimoja tu. Ndipo yule mzee mfupi wa Marangu akainuka, akavua koti lake la karamu akalitupa juu ya kiti, akatwaa jamvi walilokuwa wameketi juu yake akina mama, akaenda nalo. Akina mama wakatwaa la pili. Kichanja cha pili kilipokwisha kufunikwa, matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga majani ya migomba.

Mvua ilidumu nusu saa. Wageni walingoja ukumbini, wamebanana, wengine wakiwa na maji ya mvua mabegani. Jua liliporudi, yule mama mkubwa kuliko wote katika wageni alikwenda vichanjani, akafunua, akaingiza mkono ndani ya kahawa mpaka kifundoni, akatoa punje chache akazinusa.

Akauliza, "Ni nani aliyeiosha hii?"

Kijana akasema, "Ni mimi, bibi, pamoja na huyu," akamwonyesha mwana wa jirani.

Mama yule akazirudisha punje, akazisambaza kwa kiganja mpaka zikawa sawasawa. "Mtaigeuza mara ngapi kwa siku?"

"Mara kwa mara, bibi. Na saa sita jua likiwa kali tunaifunika, maganda yasipasuke."

"Na usiku?"

"Usiku twaifunika kwa ajili ya umande."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa wenzake. Saa kumi wageni waliingia garini. Walifungiwa mkungu mmoja wa ndizi na kibuyu cha mtindi. Wazee wa pande zote mbili walitaja mwezi wa Januari kwa mashauri ya pili, na siku yenyewe, ili wapika mbege wajue mapema.

Jioni ile nyumba iligawana kazi kama kawaida. Mama na mke wa jirani waliosha vyombo. Baba alimpelekea ng'ombe majani, maana mchana kutwa alikuwa amesahauliwa. Kijana na mdogo wake walikwenda vichanjani na turubai, wakaikunja kahawa katikati, wakaifunika, wakaweka mawe pembeni upepo usiifunue. Ilibaki siku kumi hivi za jua mpaka ikauke. Na upande wa chini wa kihamba, mibuni ilikuwa imeanza kuwa mekundu.